Klasi ya maktaba ikipotea, fungua APK kwanza

Programu ya Android imejengwa bila kosa lolote. Unaiweka kwenye simu, inafunguka vizuri, unagusa kitufe kimoja, inajifunga. Kwenye logi kuna NoClassDefFoundError, yaani klasi haikupatikana, na maktaba yenyewe unaiona kwa macho yako ndani ya mradi. Hapo wasanidi wengi huanza kubahatisha: kusafisha mradi na kuujenga upya, kupandisha toleo la maktaba, kulishusha, kubandika mistari ya mtu mwingine bila kuisoma. Naona tabia hii inatuchosha bure, kwa sababu APK, lile faili linalowekwa kwenye simu, ni zip tu. Lifungue uone kama klasi imo.

Android Studio ina APK Analyzer, ipo kwenye menyu ya Build. Ingia classes.dex, faili lenye msimbo uliokwisha kukusanywa, na classes2.dex ikiwapo, ufuate jina la kifurushi hadi kwenye klasi. Ikiwa imo, basi tatizo liko kwenye kuipakia: pengine msimbo wake wa kuanzia umeanguka mara ya kwanza, na kosa la asili liko juu zaidi kwenye logi. Au simu ni ya kabla ya Android 5.0, ambayo yenyewe husoma faili moja tu la dex, lenye kikomo cha rejeleo 65,536 za mbinu.

Mara nyingi, hata hivyo, utakuta haimo. Tazama kwanza neno lililotumika kuongeza maktaba katika Gradle, chombo kinachojenga mradi. Ukiandika compileOnly, kompaila itaiona maktaba lakini haitaingizwa ndani ya APK, ndiyo maana ujenzi unapita na simu inakwama. Halafu kuna faili la AAR, yaani maktaba ya Android iliyofungashwa, lililonakiliwa kwa mkono kwenye folda ya libs, na hili ndilo linalowasumbua watu zaidi. Faili hilo halibebi orodha ya maktaba linazozitegemea. Orodha hukaa kwenye faili la POM, lile la maelezo ya maktaba, katika hazina lilikotoka. Kwa hiyo maktaba yako ipo, ila maktaba nyingine ambayo yako inaihitaji haikuja nayo. Soma tena jina la klasi kwenye logi, polepole. Huenda si ya maktaba uliyoiongeza wewe. Amri ya gradlew app:dependencies, ukiitajia releaseRuntimeClasspath, itakupa mti mzima, pamoja na mishale inayoonyesha pale Gradle ilipochagua toleo jipya badala ya lile uliloomba. Klasi ikiwa iliondolewa katika toleo hilo jipya, umeshapata jibu.

Kisha R8, iliyochukua nafasi ya ProGuard kama chaguo-msingi tangu Android Gradle Plugin (programu-jalizi ya Gradle ya kujengea programu za Android) 3.4 mwaka 2019. Kazi yake ni kuondoa msimbo usiofikiwa. Klasi inayoitwa kwa jina lililotungwa programu ikiwa tayari inaendeshwa, R8 haioni anayeiita, na inaifuta. Toleo la majaribio kwa kawaida halipiti humo, hivyo kwako kila kitu kitafanya kazi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi. R8 ikikuta klasi inarejelewa na haipo, huandika faili la missing_rules.txt lenye mistari ya -dontwarn inayopendekezwa, na watu huinakili yote kama ilivyo. Mstari huo haurudishi klasi. Unanyamazisha onyo tu, na gharama inahamia kwa mtumiaji. Zipo klasi zinazokosekana kihalali: OkHttp, maktaba ya mtandao, kwa mfano, hurejelea maktaba za usimbaji za Conscrypt na BouncyCastle kama vitu vya hiari. Lakini kila mstari uulizwe peke yake: nani anaiita klasi hii, na programu yangu inafika pale? Ukishindwa kujibu, usiuweke. Vivyo hivyo kanuni ya -keep, inayoiambia R8 isifute, ikikumbatia kila kitu. Inaficha dalili na kuifanya R8 isiwe na maana. Andika kanuni ya klasi moja, au kifurushi kimoja, kisha ujaribu toleo lile lile litakalokwenda kwa watumiaji, skrini kwa skrini.

Na ukihamia Android Gradle Plugin 8.0 au zaidi, rudia ukaguzi huu. Tangu toleo hilo la mwaka 2023, R8 hutumia kwa chaguo-msingi hali yake kali zaidi, na kanuni zilizokuwa zikitosha huenda zisitoshe tena.