Gazeti zima linagombania senti za Google

"HII HAPA sababu ya mshtakiwa kuangua kilio kortini." Unabonyeza. Linakuja tangazo la kubeti, unalifunga, linakuja la mkopo wa simu, maandishi yanaruka, kidole kinatua kwenye tangazo la tatu. Sababu yenyewe iko aya ya tisa: alifiwa. Na hiyo si blogu ya mtu mmoja. Ni gazeti lenye mhariri, mwanasheria na gari lenye nembo mlangoni.

Tupige hesabu. Tuseme ukurasa ukifunguliwa mara 1,000 unaingiza dola 1. Habari iliyosomwa mara 100,000 imeleta dola 100, ambazo ndizo kima cha chini AdSense, mpango wa Google wa kuweka matangazo kwenye tovuti, inachokubali kukulipa. Kwa mwenye blogu, simu na bando, hiyo ni hela. Kwa chumba cha habari chenye waandishi, wapiga picha na madereva, haitoshi hata kumlaza mwandishi Arusha mpaka kesi iishe. Mmeiga blogu gharama zenu zikiwa za gazeti!

Na hizo dola bado hazijachujwa. Maandishi yanaruka kwa sababu fundi hakulitengea tangazo nafasi: habari inafunguka kwanza, tangazo linachelewa, likifika linaisukuma chini. Boksi la tangazo la pikseli 300 kwa 250 litengewe pikseli 250 za kimo hata likiwa tupu, basi, tatizo limeisha. Msipofanya hivyo, mibonyezo ya bahati mbaya inarundikana, Google inaikata kwenye malipo, na ikizidi akaunti inabanwa au inafungwa. Wale wanaowaandikia wasomaji "bonyeza tangazo utuunge mkono" wanajichimbia kaburi lilelile kwa jembe jipya.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba magazeti yanajua kuuza. Miaka yote yameuza nafasi ya karatasi kwa safu mara sentimita, yaani idadi ya safu mara urefu wa tangazo, bei imeandikwa, mnunuzi anajulikana kwa jina. Leo dawati la matangazo linamwachia Google mtandao mzima, halafu linalalamika. Uzeni wenyewe! Chagueni nafasi mbili tu: moja chini ya aya ya tatu, nyingine mwisho wa habari. Ziuzeni kwa wiki, si kwa mbonyezo. Mwenye duka la vipuri Mwanza hajui mbonyezo ni nini, ila anajua maana ya "wiki nzima, kurasa zote za habari za Kanda ya Ziwa". Picha yake isizidi kilobaiti 150, namba ya WhatsApp iwe ya kubonyezeka, juu liandikwe neno TANGAZO. Nafasi ikikosa mteja, hapo ndipo Google aokote makombo.

Haya, nikiri kwa shingo upande: blogu ziliwaamsha. Tangu 2005 mwanablogu Issa Michuzi alikuwa akibandika picha za tukio huku gazeti likisubiri mtambo wa usiku. Serikali nayo ikaja na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, leseni ya blogu ikiwa shilingi milioni 1 wakati huo, na magazeti mengine yakashangilia kimoyomoyo. Gazeti la Nation la Nairobi lilianza kumtoza msomaji wa mtandaoni mwaka 2021. Angalau wale walijaribu kuuza habari.

Mkiuza wenyewe, chukueni pesa kabla. Wakala wa matangazo anakata kamisheni yake kisha anaomba siku 90 za kulipa, na ukizihesabu ni miezi mitatu ya mishahara. Akizitaka, mwambieni tangazo litapanda siku muamala utakaposoma.