Homoni za mpiganaji: faida ipo, ila si ile inayotangazwa

Walimu wengi wa judo, karate na taekwondo humwahidi mwanafunzi mpya kwamba mazoezi yatampandishia testosteroni, homoni ya kiume. Wasioupenda mchezo, wazazi hasa, wanaiogopa homoni hiyohiyo: wanaamini itamgeuza kijana kuwa mgomvi. Naona pande zote mbili zinagombania homoni isiyostahili kelele hizo.

Testosteroni hupanda kweli baada ya mazoezi makali, kisha hurudi ilikokuwa, mara nyingi ndani ya saa moja hivi. Kupanda kwa muda mfupi namna hiyo hakujengi msuli wa kujivunia wala hakumfanyi mtu kuwa katili. Hata ule usemi kwamba testosteroni ya mshindi hupanda na ya aliyeshindwa hushuka umepimwa kwa wachezaji wa judo, na majibu yamekuwa yakipingana.

Kortisoli na adrenalini, homoni za msongo na hofu, zina mengi zaidi ya kusema. Zote hupanda kabla pambano halijaanza, mchezaji akiwa bado anangoja kuitwa, na ndiyo maana mikono hutetemeka na mdomo hukauka. Wanaotetea sanaa za mapigano husema kuipitia hofu hiyo mara kwa mara mahali salama humzoeza mtu. Kwa kiasi fulani wana haki: mwili uliozoea mazoezi hutoa adrenalini kidogo kwa kazi ileile iliyokuwa ikiuhangaisha mwanzoni. Kwamba utulivu huo humfuata mtu hadi kwenye chumba cha mtihani au ugomvi wa kazini, hilo ni dai kubwa kuliko ushahidi wake.

Faida ninayoithamini kuliko zote haitangazwi kabisa. Ni ya insulini, homoni inayoingiza sukari ya damu kwenye misuli. Baada ya kipindi kizuri cha mazoezi, misuli hufyonza sukari ya damu kwa urahisi zaidi, na hali hiyo hudumu hadi siku moja au mbili. Ndiyo sababu vipindi vitatu vilivyopangwa vizuri katika juma vina maana kuliko kujiua Jumamosi moja. Kwa mtu wa makamo mwenye kitambi, hii pekee inatosha kumfungisha mkanda. Lipo pia jambo la kupendeza: mwaka 2019 watafiti wa Israel waliripoti kwamba oksitosini, homoni inayohusishwa na ukaribu kati ya watu, iliongezeka kwenye mate ya wanafunzi baada ya mazoezi, na zaidi baada ya kukabana chini kuliko baada ya kupigana ngumi na mateke. Vipimo vya mate vina wakosoaji wake, lakini aliyewahi kukabana na mwenzake kisha wakapeana mikono hatashangaa.

Upande wa hasara unaanza pale mchezo unapogeuka mashindano. Mchezaji anayejinyima chakula ili aingie kwenye kundi la uzito, akiendelea kujitesa kwa mazoezi, huufanya mwili uzime kazi unazoziona za ziada. Msichana hukosa hedhi, testosteroni ya mwanamume hushuka, mifupa hudhoofika. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi mwaka 2014, na bado wako makocha wanaoita kukosa hedhi dalili ya bidii. Hilo linanikasirisha.

Kibaya zaidi ni kichwa. Tezi ya pituitari, inayoziongoza tezi nyingine nyingi, inaning'inia chini ya ubongo kwa kikonyo chembamba, na mapigo ya kichwa huweza kuijeruhi. Watafiti wa Uturuki walipowapima wapiganaji 22 wa kikboksi wa ridhaa, sita walikuwa na upungufu wa homoni za tezi hiyo, hasa ile ya ukuaji. Kundi ni dogo, lakini dalili za upungufu huo, yaani uchovu, huzuni, mafuta kuongezeka tumboni na hamu ya ndoa kupotea, huchukuliwa kwa urahisi kuwa uvivu au uzee. Mpiganaji aliyepigwa sana kichwani na sasa anaishi hivyo amwombe daktari ampime homoni za pituitari, na amtajie ngumi alizokula, kwa sababu asipozitaja yeye huenda asiulizwe.