Zilipendwa na Nani, Wakaacha Lini?

Asubuhi ya leo kijana mwenye ndevu kunizidi kaniamkia "shikamoo". Nimeitikia marahaba huku moyo unaniuma. Hilo nimelimeza. Juzi nilikuwa najaza fomu kwenye intaneti, ikataka mwaka wa kuzaliwa. Kidole kikashuka, kikashuka, kikawapita watu wote ninaofanya nao kazi, mpaka simu ikapata joto. Nalo nikalimeza. Lakini hili la mpwa wangu limenikwama kooni.

Nilikuwa nimekaa zangu napiga kiwi viatu, naimba wimbo wangu. Nasema wangu kwa sababu kila mtu anao wake, ule ambao ukianza tu hata kama una madeni unajiona tajiri. Kijana akapita, akasimama, akatega sikio kama daktari, kisha kwa upole kabisa akasema: "Mjomba, hiyo si ndiyo zile zilipendwa?"

Zilipendwa! Hebu litazameni hilo neno. Kuna "li" hapo katikati. Wakati uliopita. Yaani zilipendwa, na sasa basi. Kikao hicho kilikaa lini? Mbona sikupewa taarifa? Mimi wimbo huu naupenda leo, saa hii, na kiwi mkononi. Kisarufi, wimbo unapendwa. Kwa mwendo huo si ajabu na mimi nyumbani humu nilipendwa.

Ni kweli, wiki hii nimetimiza miaka 45. Sikufanya makuu, aliyekuwa wa kwanza kunipongeza ni simu, tena ilitaka kuniuzia kitu. Nikamwambia kijana, kwa lugha ya mtu mzima mwenye heshima zake: miaka 45 ni sawa na dakika za upande mmoja wa C90, kwa hiyo ndiyo kwanza nageuza upande wa pili. Akauliza C90 ni gari la kampuni gani.

Hapo ndipo nilipokosea. Nikamwambia kaa hapo.

Nikapanda kiti, nikateremsha redio kaseti kutoka juu ya kabati. Mke wangu huiita marehemu. Kaseti yenyewe, ndiyo hiyo C90, ya dakika 90 kwa pande zote mbili, iko ndani ya soksi, ndani ya boksi la viatu, na vile vijipande viwili vya plastiki vya ukingoni nilivivunja kwa mkono wangu mwenyewe, asije mtu akarekodi kitu juu yake. Nikamweleza jinsi nilivyoupata wimbo ule: nilikaa mbele ya redio mchana kutwa, kidole kimoja kwenye kitufe cha kupiga na kingine kwenye cha kurekodi, maana vinabonyezwa kwa pamoja, nikisubiri wautie. Wiki nzima. Wiki ya pili wakautia.

"Sasa mjomba, kwa nini hukuutafuta tu?"

"Kuutafuta wapi?"

Tukatazamana.

Nikachomeka. Ikaanza ile "shhhhh". Akauliza hiyo nini, nikamwambia utangulizi. Gitaa likaingia, nikafumba macho, na tulipofika penye utamu nikapaza sauti pamoja na kaseti: "Msisahau mwavuliii!"

"Mwavuli?" akasema kijana.

Nikamwambia kijana, huo ndio utunzi. Mwavuli pale ni mapenzi. Mvua ni walimwengu. Nilikuwa bado namfafanulia walimwengu, sauti ya mwimbaji ikaanza kuwa nzito kama mwenye mafua, ikanywea, ikageuka ya mtu anayezama, kimya. Nikafungua mlango wa redio. Utepe ukatoka kama matumbo ya samaki. Ukanyofoka, nikavuta, ukaja, nikavuta, ukaja. Mnajua utepe wa C90 una urefu gani? Unapita sentimita 4.76 kila sekunde. Piga hesabu kwa dakika 45. Ni karibu mita 130, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimenizunguka miguu.

"Pole mjomba," akasema mpwa wangu. Akagusa simu mara mbili. Wimbo wangu, ule wa wiki mbili za kuvizia, ukalia baada ya sekunde tatu tu za kutafuta. Safi. Hauna hata "shhh". Mpaka vidole vya mpiga gitaa unavisikia vikiteleza. Mimi nimesimama ndani ya utepe kama zawadi, nasubiri mwavuli.

Mwavuli haukuja.

Nikamwambia arudishe nyuma. Akarudisha. Hamna. Mwavuli ulikuwa wa mtangazaji, jamani. Mvua ilikuwa inanyesha siku ile, yule bwana akaingilia kati ya wimbo kwa ile sauti yake ya kuombea mkopo, akawakumbusha wasikilizaji. Na mimi kwa miaka karibu 30 naimba utabiri wa hali ya hewa.

Ningeyamaliza hapo ningelala vizuri. Lakini wimbo ukaendelea. Mimi wimbo huo una beti mbili, kisha kunasikika "tak!", maana kaseti yangu iliishia hapo. Siku zote nilijua ndiyo mwisho wake. Wala sikuwahi kuutafuta simuni, mtu hatafuti kitu anacho. Kumbe kuna ubeti wa tatu. Na katika ubeti wa tatu yule mwimbaji, aliyekuwa anamsifu mpenzi wake macho na mwendo, anamwambia samahani, amepata mwingine, naomba unitumie nguo zangu.

Huo ndio wimbo niliofungulia dansi siku ya harusi yangu. Kutoka kaseti hiyo hiyo. Ikafika "tak!", watu wakapiga makofi.

Nikamwita mke wangu aje asikie msiba. Akaja, akasikiliza ubeti wa tatu na mikono kiunoni, akauimba wote.

"Kumbe unaujua?"

"Kwetu tulikuwa na santuri yake."

"Sasa mama, miaka 20 hii mbona hukuniambia?"

"Mimi nilidhani unanipa onyo mapema. Kwani hujajiuliza kwa nini nguo zako naziweka kwenye kabati la peke yake, pale karibu na mlango?"

Mpwa wangu akatoka nje kwenda kucheka. Nilimsikia akijaribu kucheka kwa heshima, akashindwa.

Sasa nimeachwa na utepe wangu. Kaseti zilitoka mwaka 1963, yaani hata hii teknolojia ni kaka yangu, lakini sijawahi kuiita ilipendwa. Dawa yake naijua: penseli. Tundu la kaseti lina meno sita, penseli ina pande sita, unachomeka na kuzungusha taratibu. Mnadhani kuna penseli humu ndani? Chaja ziko saba. Nimetafuta kwenye madroo yote, nimepata rimoti ya televisheni tuliyokwisha kuigawa. Mwisho mtoto wa jirani kaniazima moja, ya rangi ya waridi, na kaniuliza nitairudisha lini.

Nimekaa sakafuni toka saa nane. Magoti yamelia nilipokaa na yatalia nitakapoinuka, hilo tutalijadili likifika. Nimeshazungusha kama mita 60 hivi. Utepe umejipinda mahali, sioni upande upi ndio wa juu, maana nikiusogeza karibu unafifia, nikiusogeza mbali mkono unaisha. Miwani nilikuwa nayo wakati napiga kiwi. Kiatu kimoja nacho sijakimaliza, na kesho kazini.