Chura Kwenye Posa

Tulikuwa Muheza kwa posa ya binamu yangu. Mimi ndiye mdogo kuliko wote katika ujumbe, kazi yangu kubeba halua na kunyamaza. Halua ilifika salama. Mshenga wetu alikuwa ameshanoga: kijana mpole, swala hazimpiti, mshahara wake unafika nyumbani. Mara simu ikatetemeka mfukoni. Nikachungulia, nikaangua kicheko mpaka chai ikanitokea puani.

Sebule ikawa kimya. Baba mdogo wa binti akasema kwa ule upole wa hatari, "Tueleze, mwanangu, nasi tucheke."

Ilikuwa katuni. Binti mfalme anambusu chura, chura anageuka kijana wa kifalme mwenye mabega yake, wanaoana. Picha ya mwisho wako mezani: bwana katoa ulimi mrefu kama futi ya fundi cherehani, kanasa nzi juu ya sahani ya mkewe, na mke kaganda na kijiko hewani.

Hakuna aliyecheka. Shangazi wa binti akauliza, "Alimbusu kabla ya mahari?"

Nikafafanua. Hadithi hizi, nikasema, huishia harusini, wakaishi raha mustarehe, basi. Hakuna anayesimulia Jumatatu yake. Mchoraji yeye kaifuata mpaka Jumatatu, ndipo utamu ulipo: umbo limebadilika, tabia imebaki ya bwawani.

"Ahaa," akasema baba mdogo. "Kwa hiyo mwanamume anakuja kapendeza, tukishamkabidhi mtoto wetu ndiyo tunauona uchura."

Mshenga akanifinya paja. Picha ya pasipoti ya binamu ikaombwa upya, ikazungushwa mkono kwa mkono. Macho yake yametokeza kidogo, kweli. Ni ya ukoo, hata mimi ninayo, na nikaona wanahamisha macho kutoka kwenye picha kuja kwangu.

Nikaona niokoe jahazi kwa elimu. Nikawaambia kwamba katika kitabu cha hadithi cha ndugu wawili wa Ujerumani, akina Grimm, cha mwaka 1812, hadithi hiyo ndiyo ya kwanza kabisa, na busu halimo. Chura kamtolea binti mpira wake wa dhahabu kisimani, sasa anadai kula sahani moja naye na kulala kitandani mwake. Binti kachoka, kamkamata, kambamiza ukutani! Hapo ndipo anapogeuka mtu.

Shangazi akapiga kofi mkekani. "Huyo kafundwa!"

Upande wao wote wakacheka. Kutoka chumba cha pili ikaja sauti ya binti mwenyewe: "Shangazi, alimbamiza kwa mkono gani?"

Posa ilikubaliwa, tena kwa bashasha. Ila kwenye karatasi ya makubaliano, chini ya mkaja wa mama na kilemba cha baba, kulikuwa na mstari ambao mshenga wetu anasema hajawahi kukutana nao maishani: "Tahadhari ya chura, shilingi 100,000." Wajumbe wote wakanigeukia mimi. Binamu hadi leo amekataa kunichangia.