Pai: ni kukariri au ni kuhifadhi?

Tarehe 21 Machi 2015, katika chuo kikuu cha VIT mjini Vellore, kusini mwa India, kijana aitwaye Rajveer Meena alifungwa kitambaa machoni akaanza kutaja namba: tatu, nukta, moja, nne, moja, tano, tisa. Alipofika mwisho, saa karibu 10 zilikuwa zimepita na tarakimu 70,000 za desimali za pai zilikuwa zimetoka kinywani mwake bila kukosea hata moja. Guinness wakamwandika katika kitabu chao cha rekodi. Kila ninapowasimulia watu habari hii, majibu ni mawili. Mmoja hushika kichwa na kusema huyo si mtu wa kawaida. Mwingine huuliza: sasa zimemsaidia nini?

Lugha yetu inagusa ubishi huu kuliko tunavyodhani, kwa sababu ina vitenzi viwili mahali ambapo mtu angetegemea kimoja. Tunasema mtoto *amekariri* majibu ya mtihani, na mara nyingi tunakuwa tunamlaumu: amebeba maneno bila kuelewa. Lakini aliyeweka Kurani yote kifuani, juzuu zote 30, tunasema *amehifadhi*, na tunasimama kumpisha. Kazi ya ubongo ni moja, heshima ni mbili. Kwa hiyo swali langu kuhusu pai ni hili: yule kijana wa Vellore alikariri au alihifadhi?

Kwanza pai yenyewe. Chukua sufuria, zungusha uzi ukingoni, ukate pale unapokutana. Kisha upime huo uzi kwa kipenyo cha sufuria, yaani toka ukingo mmoja hadi mwingine kwa kupitia katikati. Uzi utaenea vipenyo vitatu na kubaki kipande kidogo. Jaribu kwa kifuniko cha chai, kwa gurudumu la baiskeli, kwa mdomo wa kisima: ni vitatu na kipande kilekile. Hiyo idadi ya vipenyo, vitatu na kipande, ndiyo pai. Hicho kipande ndicho kilichowakosesha watu usingizi kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 1761 Johann Lambert alithibitisha kwamba pai haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba mbili nzima, hata ukichagua namba kubwa kiasi gani. Maana yake tarakimu zake hazina mwisho, wala hazifiki mahali zikaanza kujirudia kwa mzunguko.

Wengi wetu tulimaliza shule ya msingi bila kuambiwa hivyo. Ubaoni paliandikwa "Tumia π = 22/7", basi. Nakumbuka niligawa 22 kwa 7 kwa mkono, nikapata 3.142857, kisha 142857 tena, kisha tena. Siku nyingine swali likasema tumia 3.14. Nikauliza ipi ndiyo pai ya kweli, nikajibiwa nitumie niliyopewa kwenye swali. Nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba pai *ni* 22/7 na kwamba 3.14 ni ufupisho wake. Ukweli ni kwamba zote mbili ni makadirio, na 22/7, ambayo Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliionyesha kuwa inazidi pai kidogo tu, iko karibu zaidi na pai kuliko 3.14. Ndiyo maana huwa nasema, huku nikijua nachokoza, kwamba sikukuu yetu ya pai ingefaa iwe Julai. Marekani huadhimisha tarehe 14 Machi kwa sababu huandika mwezi kwanza, 3/14. Desturi hiyo ilianzishwa na Larry Shaw huko San Francisco mwaka 1988, na UNESCO mwaka 2019 ikaifanya siku hiyohiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Sisi tunaotanguliza tarehe, pai yetu iko kwenye kalenda wazi kabisa: 22/7.

Wanaoona kuhifadhi tarakimu hizi ni kupoteza muda wana hoja nzito. Chukua simtanki la kipenyo cha mita 1.4. Kwa 22/7 mzingo wake ni mita 4.4 kamili, kwa pai yenyewe unapungua kwa milimita mbili, tena hazitimii. Hakuna fundi wa kufunga mkanda wa chuma atakayezitafuta milimita hizo. Panda hadi juu kabisa: maabara ya JPL ya NASA, inayoongoza vyombo vinavyosafiri baina ya sayari, katika hesabu zake za usahihi mkubwa hutumia desimali 15 tu, 3.141592653589793. Kwa desimali hizo ukikokotoa mzingo wa dunia kwenye ikweta, pai itakukosesha kiasi cha sehemu tatu za bilioni ya mita. Unywele ni mnene kupita hapo mara maelfu.

Aliyenivutia kuliko wote upande huu ni mwanahisabati Jamshid al-Kashi wa Samarkand, Asia ya Kati. Yeye kabla ya kuanza alijiuliza: nahitaji tarakimu ngapi? Akafikiria duara lenye kipenyo kinachozidi kipenyo cha dunia mara 600,000, akataka kosa katika mzingo wake lisifikie upana wa unywele wa farasi. Kisha akakokotoa kwa umbo lenye pande 805,306,368, na mwaka 1424 akapata desimali 16 sahihi. Hiyo ni desimali moja zaidi ya zile wanazotumia JPL leo, kwa mkono, bila kikokotoo. Huyu alijua kwa nini anasimama pale aliposimama. Mwenye kuhifadhi 70,000 hawezi kutoa sababu ya namna hiyo kwa nini zisiwe 69,000.

Kisha kuna habari ya William Shanks, na hii huniuma kila ninapoirudia. Alikuwa Mwingereza, mwenye shule ya bweni katika mji mdogo wa Houghton-le-Spring, na alikokotoa pai kwa kalamu na karatasi kwa miaka. Mwaka 1873 alitangaza desimali 707. Alifariki mwaka 1882 akiamini zote ni sahihi. Mwaka 1937 jumba la sayansi la Palais de la Découverte mjini Paris liliziandika tarakimu zake kuzunguka chumba cha duara, kubwa, za kusomwa na kila mgeni. Miaka ya 1940 D. F. Ferguson akazirudia hesabu, akakuta kwamba kuanzia desimali ya 528 Shanks alikosea, na kila kilichofuata kimeharibika. Paris walisahihisha ukuta wao mwaka 1949.

Sasa mfikirie mtu ambaye mwaka 1930 angezihifadhi zote 707. Angekuwa na tarakimu 180 za uongo kifuani, azitaje kwa ufasaha, apigiwe makofi, na asijue kamwe. Tarakimu ya pai haina maana inayoweza kukuambia kwamba imepotoka. Mstari wa utenzi ukipungua mizani moja sikio linashtuka. Kina kikivunjika, hata mtoto anayesikiliza anacheka. Na aliyehifadhi Kurani ana mwalimu mbele yake wa kumrudi papo hapo, ambaye naye alirudiwa na mwalimu wake. Kwenye pai hakuna sikio wala maana. Kuna orodha ya mtu mwingine, na wewe unaiamini. Hii kwangu ndiyo hoja kubwa kuliko zote dhidi ya kuiita kazi hii hifadhi, kuliko hata ile ya manufaa.

Hata hivyo, siwezi kukaa upande huo moja kwa moja, na aliyenitoa huko ni Mjapani Akira Haraguchi. Mwezi Oktoba 2006, akiwa na umri wa miaka 60, alitaja tarakimu 100,000 kwa zaidi ya saa 16. Guinness hawakuitambua rekodi hiyo, naye hakuacha. Haraguchi hakumeza namba kavu. Kila tarakimu aliipa silabi za Kijapani, silabi zikawa maneno, maneno yakawa visa, na alichokuwa akikitembea kichwani zile saa zote ni visa alivyovitunga mwenyewe. Kwa maneno mengine, mahali ambapo hapakuwa na maana, yeye aliiweka. Sidhani kama hilo linastahili kuitwa kukariri kwa maana yetu ya lawama. Kukariri kwa lawama ni kubeba kitu chenye maana ukiiacha maana nyuma. Huyu alifanya kinyume chake.

Na tusijidanganye kwamba anayebeza tarakimu anaijua pai zaidi ya anayezihifadhi. Liko swali jepesi ambalo hadi leo halijathibitishwa na yeyote: je, kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 inaendelea kutokea ndani ya pai bila kikomo? Kompyuta imeshakokotoa matrilioni. Mwaka 2022 Emma Haruka Iwao na wenzake wa Google walifikia trilioni 100. Tarakimu zinaonekana zimegawanyika sawasawa, lakini kuonekana si kuthibitisha. Huenda huko mbele saba zikakoma. Mwenye tarakimu 70,000 na mwenye 22/7 wako sawa mbele ya swali hilo. Tofauti ni kwamba wa kwanza, kwa kutembea humo, ana nafasi ya kulikuta swali. Atazikuta zile tisa sita zinazofuatana, 999999, kuanzia desimali ya 762 na atajiuliza zimefikaje pale. Mwenye 22/7 hatajiuliza, maana kwake hadithi iliishia ubaoni.

Kwa hiyo lawama zangu naziweka penye shule, si penye rekodi. Mtu mzima aliyeamua kutumia miaka yake hivi, kama Haraguchi, hamkosei mtu. Ninachokipinga ni shindano la watoto ambapo anayetaja tarakimu nyingi ndiye anayeondoka na zawadi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika uzi na sufuria. Hapo ndipo kukariri kunaporudi na ubaya wake wote: mtoto anajifunza kwamba hisabati ni kumeza, na asiyeweza kumeza anajiona mjinga. Lakini nauona ubaya uleule, pengine mkubwa zaidi, kwa mwalimu anayemwacha mtoto aondoke akiamini pai ni 22/7. Huo nao ni kukariri, wa tarakimu tatu tu, na umeenea mno hata hatuuoni. Ningelazimishwa kuchagua, ningechagua mtoto anayetaja tarakimu 50 na anajua haziishi, kuliko anayeandika 22/7 na kudhani amefika.

Nilitaka kujaribu mwenyewe, na hapa lugha ikanifundisha jambo. Waingereza hutunga sentensi ambamo idadi ya herufi za kila neno ni tarakimu ya pai. Kwa Kiswahili njia hiyo inakwama mara moja: pai inadai neno la herufi moja katika nafasi ya pili, na tena katika ya nne, na sisi maneno hayo karibu hatuna, ukiacha *u* ya "u hali gani". Nikahangaika nayo jioni nzima. Kisha nikakumbuka kwamba washairi wetu hawakuhesabu herufi hata siku moja, walihesabu mizani. Na maneno ya mizani moja tunayo tele: na, ya, wa, cha, ni, si, kwa. Nikatunga hivi:

*Kipenyo cha mduara kwa wataalamu wanaouhangaikia bado kinawasumbua, wanaukesha usiku.*

Hesabu kwa vidole, ukikumbuka kwamba ile *m* ya mduara ni mizani kamili: ki-pe-nyo, tatu; cha, moja; m-du-a-ra, nne; kwa, moja; wa-ta-a-la-mu, tano; wa-na-o-u-ha-nga-i-ki-a, tisa; ba-do, mbili; ki-na-wa-su-mbu-a, sita; wa-na-u-ke-sha, tano; u-si-ku, tatu. Hiyo ni 3.141592653. Si ushairi mkubwa, lakini nikikosea sasa najua nimekosea, kwa sababu sentensi inaharibika mdomoni. Zile tarakimu zimepata sikio ambalo Shanks hakuwa nalo.

Na kwa tarakimu hizi kumi angalau, kitenzi ninachokitumia ni kuhifadhi.

Kikwazo kinachofuata ni sifuri, maana hakuna neno lisilo na mizani. Waingereza huweka neno la herufi kumi kusimamia sifuri. Kiswahili kinaweza hilo bila taabu, kwa kurefusha kitenzi. Lile neno langu la mizani tisa, *wanaouhangaikia*, ukilipeleka wakati ujao linakuwa *watakaouhangaikia*, na hizo ni kumi. Sifuri ya kwanza ya pai iko kwenye desimali ya 32. Nimefika ya tisa, na neno la huko ninalo tayari.