Ilhan Omar na sera zake: nani analipa, na nani anasimamia?

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia jina la Ilhan Omar linarudi midomoni mwa watu wetu, na kila likirudi mabishano ni yale yale, kuna wanaosema mtoto wa kambi ya Utange pale Mombasa kaingia Congress na hijabu yake kichwani basi mwacheni, na kuna wanaosema huyu mama hana shukrani kwa nchi iliyompokea. Mimi naona pande zote mbili zinakwepa kazi. Mbunge wa Baraza la Wawakilishi kule anaomba kura kila baada ya miaka 2, yaani Ilhan ni mgombea karibu muda wote, na mgombea anapimwa kwa yale anayotaka kuyafanya na pesa za watu. Historia yake naiheshimu sana jamani, kazaliwa Mogadishu 1982, vita ikawatoa 1991, wakakaa Utange kama miaka 4, wakaingia Marekani 1995, na mwaka 2018 akashinda kwa tiketi ya Democrat jimbo la 5 la Minnesota, yaani Minneapolis na vitongoji vyake, kwa asilimia 78 hivi. Lakini hayo hayamwambii mpiga kura wa Minneapolis kama bima yake ya afya itabaki au itaondoka.

Tuanze na hiyo afya. Marekani wana Medicare, bima ya serikali ya tangu 1965 ambayo kazi yake kubwa ni kuwahudumia wazee wa miaka 65 kwenda juu. Ilhan yuko pamoja na seneta Bernie Sanders, wanataka hiyo bima iwe ya kila mtu na makampuni binafsi yakae pembeni. Hoja yao ina uzito: nchi inatumia karibu asilimia 18 ya pato lake lote kwenye afya, mataifa mengine tajiri hayafiki hapo, na bado watu zaidi ya milioni 25 hawana bima yoyote. Wapinzani wanauliza pesa zitoke wapi, na si swali la uchokozi. Mwaka 2018 Mercatus Center, taasisi inayopenda soko huria, ilitoa hesabu kwamba mpango wa Sanders ungeiongezea serikali kuu mzigo wa dola trilioni 32.6 hivi ndani ya miaka 10. Upande wa Sanders wakalisoma andiko hilo hilo wakaonyesha kwamba ukijumlisha matumizi ya nchi nzima, ya serikali na ya watu binafsi, yanashuka kwa trilioni 2 hivi. Sasa nani mkweli? Wote, ila hesabu ya kushuka inasimama juu ya sharti moja, kwamba hospitali zikubali kulipwa kiwango cha Medicare ambacho ni kidogo kuliko wanacholipa wenye bima binafsi. Hospitali ndogo ya kijijini inayohema kwa shida itakubali? Na karibu nusu ya Wamarekani wanapata bima kupitia mwajiri, wengine chama chao cha wafanyakazi kilikubali hata mshahara usipande ili bima iwe nzuri, huwezi kumwambia mtu huyo kirahisi tu kwamba utampa nyingine. Mimi niko na Ilhan kwenye mwelekeo, ila kile kipindi cha kuvuka kutoka hapa kwenda kule anakiruka, na ndicho kinachowatisha watu.

Madeni ya wanafunzi nayapitia haraka. Juni 2019 alipeleka mswada wa kufuta yote, dola trilioni 1.6 za watu kama milioni 45, na Sanders alitaka zilipwe kwa kodi ya miamala ya Wall Street, yaani soko la hisa. Anayepinga anasema fundi bomba ambaye hakukanyaga chuo kwa nini abebe gharama ya deni la wakili, na hilo swali halijibiwi kwa kumwita mtu katili. Lakini kuna kitu watu wanamnyima haki yake. Biden alipojaribu kufuta kiasi kidogo tu kwa mamlaka ya serikali yake, Mahakama ya Juu ikapiga chini mwezi Juni 2023, majaji 6 kwa 3, kwamba mamlaka hayo hakupewa na Bunge. Maana yake njia ya mswada, ile aliyopita Ilhan miaka 4 nyuma, ndiyo ilikuwa salama kisheria, ila kura za kuupitisha hazikuwepo na hazikukaribia kuwepo.

Kwenye barabara na madaraja ndo nashindwa kumfuata kabisa. Novemba 2021 mswada wa miundombinu wa trilioni 1.2 ulipita kwa kura 228 kwa 206, Warepublican 13 wakaunga mkono, na Wademokrati 6 wakakataa, Ilhan mmoja wao. Sababu yao naielewa, walitaka mswada huu na ule mkubwa wa malezi ya watoto na mazingira iende pamoja, wakasema mkiuachia huu wa barabara ule mwingine utakufa. Na kweli, mwezi uliofuata seneta Joe Manchin, Mdemokrati mwenzao ambaye kura yake ilihitajika, akatangaza hadharani kwamba hauungi mkono ule mwingine. Walisoma siasa vizuri kuliko viongozi wao. Lakini huyu ni mbunge wa Minneapolis, mji ambao tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara ya I-35W liliporomoka kwenye mto Mississippi saa za watu kutoka kazini, wakafa watu 13. Kuna kura ambazo mbunge anaweza kuzitumia kama silaha ya mazungumzo na kuna ambazo jimbo lake limezilipia tayari, na hii kwangu ni ya aina ya pili. Anayemtetea atasema alijua ungepita hata bila yeye. Basi kama ilijulikana utapita, silaha hiyo ilikuwa inamtisha nani?

Polisi nako alisimama mahali pagumu. George Floyd, mtu Mweusi, aliuawa na polisi Mei 2020 ndani ya jimbo lake, na Ilhan akasema idara ya polisi ya Minneapolis imeoza hadi mizizi na inabidi ivunjwe kijengwe kitu kingine. Kila aliyeiona ile video anajua hasira ilikotoka. Novemba 2021 wakazi wakapigia kura pendekezo la kuiondoa idara na kuweka idara mpya ya usalama wa umma, Ilhan akaliunga mkono, likaanguka kwa asilimia 56 dhidi ya 44 hivi. Na kinachonifikirisha ni upande wa kaskazini mwa mji, ambako Weusi wengi wanaishi, kura ya hapana ilikuwa na nguvu kwelikweli. Wale walikuwa wanataka vitu viwili kwa pamoja, polisi asiwaue na polisi aje wakipiga simu usiku risasi zinalia mtaani, na pendekezo halikuwaeleza vizuri nani angekuja. Don Samuels, diwani wa zamani wa upande huo huo, akaichukua hoja hiyo akagombea dhidi yake kwenye mchujo wa chama Agosti 2022, akabakiza asilimia 2 tu amng'oe. 2024 wakarudiana na Ilhan akashinda kwa nafasi, kama asilimia 56 kwa 43.

ICE je, idara ya serikali kuu inayokamata na kuwaondoa wahamiaji wasio na kibali? Anataka ifutwe, na hapa wapinzani wake wanapotosha, wanasema anataka nchi isiyo na mipaka. ICE imeanzishwa 2003 tu, baada ya Septemba 11, na walinzi wa mpakani ni idara nyingine kabisa. Unaweza kuifuta ICE na mpaka ukabaki na askari wake. Swali halali ni nani angefuatilia wenye amri ya mahakama ya kuondoka, na majibu yake hapo ni mafupi mno.

Israel ndo imemgharimu zaidi, na hapa inabidi kutenganisha sera na kauli. Agosti 2018, mdahalo wa wagombea ukiwa kwenye sinagogi moja huko St. Louis Park, aliulizwa kuhusu harakati za kususia Israel, akazungumza kama mtu asiyeona zinasaidia kufikia suluhu ya mataifa mawili. Baada ya kushinda akasema anaziunga mkono. Maelezo yake ni kwamba siku zote alikubali haki ya watu kususia ila alitilia shaka kama kususia kutaleta amani, na inawezekana ndivyo alivyowaza, lakini Myahudi aliyekaa kwenye kile kiti akampa kura ana kila sababu ya kujiona hakuambiwa mambo yote. Februari 2019 ikaja ile twiti iliyodokeza kwamba wanasiasa wanaiunga mkono Israel kwa sababu ya pesa za AIPAC, kundi linaloitetea Israel kwa wabunge wa Marekani, iliyogusa chuki ya zamani sana dhidi ya Wayahudi, akaomba radhi waziwazi. Sera yenyewe, kwamba msaada wa kijeshi uwe na masharti ya haki za binadamu, ni hoja nzito na anaisema hata kwa Saudi Arabia, wengi wanaompinga hawafanyi hivyo. Februari 2023 Warepublican wakamtoa kamati ya mambo ya nje kwa kura 218 kwa 211, wakati alikuwa anatarajiwa kuongoza upande wa Democrat kwenye kamati ndogo ya Afrika. Sisi wa huku tulipoteza mtu anayejua kambi ya wakimbizi kwa ndani, na hilo halikuzungumzwa vya kutosha.

Nimeacha chakula cha watoto mwisho kwa sababu hapo ndipo aliacha maneno akafanya kitu. Machi 2020 shule zinafungwa kwa korona, mamilioni ya watoto wanategemea sahani ya shuleni, Ilhan akaleta mswada wa MEALS ukaingizwa kwenye sheria ya dharura. Uliruhusu wizara ya kilimo kulegeza masharti, mzazi apite achukue chakula cha kwenda nacho nyumbani, mtoto asilazimike kukaa kwenye meza ya shule ili ahesabiwe. Watoto walikula. Minnesota ikaja 2023 kuweka sheria ya kifungua kinywa na chakula cha mchana bure kwa kila mwanafunzi.

Ila masharti yale yale yalipolegea, Minnesota wezi wakaingia. Kesi ya Feeding Our Future, shirika lililosimamia vituo vya chakula: zaidi ya dola milioni 250 zililipwa kwa vituo vilivyosema vinalisha maelfu ya watoto kwa siku, orodha za majina ya kubuni, pesa zikaenda kwenye nyumba na magari. Waliofunguliwa mashtaka wamepita 70, wengi wao wenye asili ya Kisomali, na kiongozi wa shirika, ambaye si Msomali, alikutwa na hatia Machi 2025. Wapinzani wanasema mlango aliufungua Ilhan. Nusu kweli. Sheria ililegeza mahali pa kula, haikusema kituo kisikaguliwe, na mkaguzi wa bunge la Minnesota kwenye ripoti ya Juni 2024 aliitupia lawama wizara ya elimu ya Minnesota kwa usimamizi dhaifu, dalili zilikuwepo mapema. Wizara ilipojaribu kuchelewesha maombi ya vituo vipya mwaka 2020, shirika likaishtaki mahakamani likilalamikia ubaguzi, na maafisa wakapoa.

Ninachokitaka kwake ni mswada wa pili mfupi: ruhusa za dharura zibaki, lakini kituo kipya kinachodai kulisha watoto wengi kitembelewe bila taarifa ndani ya mwezi wa kwanza, na mashaka yakitokea malipo yasimame hapo hapo huku watoto wakihamishiwa kituo kingine. Akiuleta huo, hata Mrepublican wa mashambani atapata shida kuwaeleza watu wake kwa nini aukatae.