A Moment to Remember: machozi ya halali na machozi ya kuchokonolewa

Wanaoipenda A Moment to Remember na wanaoiponda wanakubaliana jambo moja: ukiitazama mpaka mwisho, utalia. Wanachogombania ni kama filamu imeyatolea jasho machozi hayo, au imekuingiza kidole machoni tu. Mimi naona sehemu yake kubwa imeyatolea jasho, kisha dakika za mwisho inaanza kudai zaidi ya inachostahili.

Kwa ambaye hajaiona: ilitoka Korea Kusini mwaka 2004, mwongozaji Lee Jae-han, na hadithi imetokana na tamthilia ya Kijapani ya 2001 iitwayo Pure Soul. Su-jin (Son Ye-jin, yule yule ambaye wengi walimjua baadaye kwa tamthilia ya Crash Landing on You) ni binti wa mwenye kampuni ya ujenzi. Ametoka kuachwa na mume wa mtu, bosi wake kazini, aitwaye Yeong-min. Anakutana na Chul-soo (Jung Woo-sung), fundi seremala mwenye ndoto ya kuwa msanifu majengo. Wanaoana. Akiwa na miaka 27 tu, Su-jin anaambiwa ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu kidogo kidogo.

Tuanze na waponda filamu, maana hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya kitabibu. Hata wale ambao ugonjwa huu huwaanza mapema, wengi dalili huwajia kuanzia miaka ya 40 na kuendelea. Kwenye miaka ya 20 ni nadra mno, na mara nyingi huwa ni wa kurithi. Ya pili ni urembo. Su-jin anapoteza kumbukumbu lakini nywele hazimtimki na ngozi haimpauki. Kuna tukio moja tu la kujikojolea, baya kweli kweli la kutazama, kisha filamu inarudi haraka kwenye mwanga wa jua dirishani na muziki wa piano. Aliyewahi kumuuguza mzazi au bibi mwenye maradhi haya anajua kilichofichwa: usiku usio na usingizi, matusi, kufungafunga milango asije akapotea.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Wakorea wana jina la michezo ya kuliza watu kwa nguvu, sinpa, mtindo ulioingia kwao kutoka Japani mwanzoni mwa karne ya 20, na siku hizi mchambuzi akiliandika jina hilo huwa anatukana. Tena Korea yenyewe ilikwishaonyesha kwamba kifo na mapenzi vinaweza kusimuliwa kwa sauti ya chini. Katika Christmas in August ya Hur Jin-ho, ya mwaka 1998, mpiga picha anayekaribia kufa anamfundisha baba yake mzee kutumia deki ya video. Mzee haelewi, kijana anaishiwa subira, anatoka. Baadaye anakaa na kumwandikia maelekezo hatua kwa hatua, maana atakapokuwa hayupo nani atambonyezea? Hakuna anayesema neno kuhusu kifo. Ukitoka hapo ukaingia kwenye A Moment to Remember, mwanzoni unahisi unapigiwa kelele.

Sasa upande wa pili. Watetezi wake wengi husifu tukio la soju, pombe kali ya Kikorea: Chul-soo anammiminia Su-jin kikombe, akinywa wamekuwa wapenzi, asiponywa hawataonana tena mpaka kufa, na binti anakigida chote. Ni tukio tamu, linastahili umaarufu wake. Ila kama filamu hii ingekuwa na hilo tu, ningewaachia waponda filamu ushindi. Mimi nasimama kwenye vitu viwili vingine.

Kimoja ni jinsi ugonjwa unavyoingia. Unaanza kama kichekesho. Su-jin anasahau soda na pochi dukani, na ndivyo anavyokutana na Chul-soo: anamkuta mlangoni na kopo la Coca-Cola, anadhani kamwibia, anamnyang'anya, analinywa mpaka mwisho na kumbeulia usoni. Tunacheka. Baadaye mume anafungua chakula alichofungiwa, anakuta vyombo vyote viwili ni wali, kitoweo hakuna. Tunacheka tena, lakini kicheko kimeshapungua. Siku daktari anapotamka jina la ugonjwa, tunagundua kwamba tumekuwa tukichekea dalili. Huo ni ufundi wa kuandika, hauna uhusiano na kulazimisha machozi.

Cha pili ndicho kinachoipa filamu haki ya kuitwa tanzia. Alzheimer haifuti kwa usawa. Kwa kawaida huanza na ya karibuni na kuyaacha ya zamani yadumu zaidi. Fikiria maana yake kwa ndoa changa. Chul-soo ni wa juzi, Yeong-min ni wa zamani. Kwa hiyo inafika asubuhi Su-jin anamtazama mumewe kwa macho ya mapenzi, anamwita Yeong-min na kumwambia anampenda. Kwake yeye si usaliti, ni ukweli mtupu wa asubuhi hiyo. Na Chul-soo afanye nini? Akimsahihisha atamtisha, akinyamaza atakuwa amepokea salamu za mwanamume mwingine. Analia akijificha asionekane. Kifo kingemwachia angalau jina lake mdomoni mwa mkewe. (Ukiitazama ile iliyotafsiriwa na DJ anayeongea juu ya kila pumzi, tukio hili limekupita. Tafuta yenye maandishi.)

Kisa cha mama yake Chul-soo aliyemtelekeza utotoni kingeweza kupunguzwa nusu, na hakuna ambaye angelalamika.

Kinachonigawa ni mwisho. Su-jin anaondoka nyumbani kwa hiari yake, anaishia kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, na Chul-soo anamfuata huko akiwa amevaa miwani ya jua. Mke anamsalimia kwa adabu kama mgeni, na machozi yanachuruzika chini ya miwani. Ningekuwa mhariri, ningekata hapo. Filamu inaendelea: Chul-soo anampeleka kwenye duka lile lile walipokutana, ndugu, marafiki na daktari wakiwa wamepangwa ndani, na Su-jin anauliza kama yuko mbinguni.

Anayelitetea tukio hilo ana hoja. Watunzaji wa wagonjwa hawa hushauriwa wasibishane nao, wawafuate kule akili zao zilipo. Chul-soo ni mjenzi. Ameshindwa kumrudisha mkewe leo, kwa hiyo anamjengea jana. Hilo nalikubali kabisa. Nisichokubali ni kwamba linafanikiwa, papo hapo, mbele ya ukoo mzima, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kutabasamu. Ukarimu wa mume ungekuwa vile vile, na ungeniuma zaidi, kama Su-jin angeingia dukani, akachukua kopo la Coca-Cola, akalipa na kutoka bila kumtambua mtu.